Samaki wa Kipupwe

Anayedhani kwamba Kongo haina baridi, na aje alale usiku mmoja wa mwezi wa saba kando ya mto Lufira. Mji wetu wa Likasi umekaa juu, zaidi ya mita 1200 kutoka usawa wa bahari, na tangu mwezi wa tano, mvua ikishakatika, upepo mkavu huanza kuteremka kutoka kusini-mashariki na kuleta usiku ambao mablanketi mawili hayautoshi. Alfajiri moshi wa makala hukaa juu ya paa bila kupanda, na mama wanaokwenda sokoni huvaa koti juu ya kitenge. Bondeni ni vibaya zaidi, kwa maana hewa ya baridi huteremka na kutulia juu ya maji. Ukungu huinuka mtoni kama mvuke wa chungu, hata mgeni hudanganyika kwamba maji yanachemka, mpaka atie mguu.

Sisi tulitia mguu. Tulikuwa vijana kumi na wanne wa kikundi kimoja cha parokia, wavulana tisa na wasichana watano, na hatukwenda huko kwa matembezi. Mwenzetu mmoja alikuwa amefiwa na baba yake mwezi wa tano, na siku ya kuondoa matanga ilikuwa imepangwa. Nyumba ile haikuwa na kitu. Katika mkutano wetu wa Jumapili mmoja alisimama akasema kwamba marehemu mwenyewe alikuwa mvuvi wa ndoano. Kwamba kila Jumamosi ya kiangazi alipanda baiskeli kwenda Lufira na kurudi usiku, na kwamba si haki watu wale tomsoni wa katoni kutoka bahari ya Namibia siku ya kumkumbuka mtu kama huyo. Tutavua wenyewe, alisema. Tukapiga makofi. Ni rahisi sana kupiga makofi ndani ya ukumbi wenye joto.

Labda msomaji atauliza kwa nini tusivue karibu, maana mito haikosekani mjini. Panda hupita hapa hapa, na tuliipita kwa miguu tangu utoto. Lakini kila mtu wa Likasi anajua habari ya Panda. Kwa miaka mingi mto huo umepokea maji ya viwanda vya shaba na kobalti, na kuna siku rangi yake haifanani na rangi ya maji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven walitangaza mwaka 2009 kwamba wakazi wa Katanga waishio karibu na migodi na viwanda wana kobalti nyingi mno mwilini, waliyoipima katika mkojo. Mama zetu hawakusubiri utafiti huo. Sokoni, kabla ya kuuliza bei, huuliza samaki ametoka mto gani. Na hakuna muuzaji hata mmoja ambaye amewahi kujibu kwamba ametoka Panda. Wote hutoka Mwadingusha, au Luapula, au mbali zaidi. Tumejiuliza mara nyingi samaki wa Panda huenda wapi.

Basi tulikwenda upande wa Kapolowe, yapata kilomita 40 kutoka mjini, na kutoka kituo cha reli tukashika njia ya miguu hadi mahali ambapo Lufira ingali mto wenyewe, kabla haijatanuka kuwa ziwa. Ziwa hilo la Tshangalele, ambalo wengi wetu tulilidhani limekuwapo tangu kuumbwa kwa ulimwengu, lina umri mdogo kuliko babu zetu wengine. Lilizaliwa pale kampuni ya madini ilipojenga bwawa la Mwadingusha, juu ya maporomoko yaliyoitwa zamani kwa jina la Jules Cornet, Mbelgiji aliyechunguza mawe ya Katanga mwishoni mwa karne ya 19. Mitambo ya umeme ilianza kazi mwaka 1930, ili tanuru za shaba zipate nguvu. Mto ulizuiwa, maji yakatambaa juu ya mbuga, nayo mashamba na njia za wanyama zikazama. Ziwa halina kina kirefu, na pembezoni mwake yameota matete na mafunjo hata huwezi kujua nchi kavu inaishia wapi. Hivyo samaki walipata mahali pa kuzaa, na wavuvi wakapata kazi. Mwaka 1982 bonde la Lufira lilitiwa na UNESCO katika orodha ya hifadhi za viumbe hai za dunia. Jambo hilo tulilisoma kitabuni. Kule ukingoni hatukumkuta mtu aliyelitaja.

Mwenyeji wetu alikuwa kaka wa marehemu. Mwenzetu alimwita Baba Mkubwa, nasi sote tukamwita hivyo hivyo. Alitupokea kwenye kambi yake ya nyasi, akaangalia mishipi yetu mipya na ndoano zetu kubwa zilizonunuliwa sokoni, akatingisha kichwa.

“Ndoano hizi ni za mwezi wa kumi,” alisema. “Wakati huu samaki hafungui kinywa namna hiyo.”

Ndipo alipotueleza mambo ambayo shuleni tuliyasikia bila kuyasadiki. Samaki hana moto wake mwenyewe. Mwili wake ni baridi kama maji yalivyo baridi. Maji yakipoa, tumbo lake hufanya kazi polepole, naye hana haja ya kula kila siku. Perege ndiye mnyonge kuliko wote: maji yakishuka chini ya digrii 20 hivi, huacha hata kuzaa, hujikusanya mahali penye kina na kukaa kimya. Kambale ni mstahimilivu zaidi, kwa kuwa huvuta hata hewa ya juu na kuishi katika dimbwi la tope ambalo samaki mwingine angekufa; lakini naye hulala mchana chini ya mizizi, na chambo kisipopita karibu na sharubu zake hatoki. Kwa hiyo mvuvi wa kipupwe hutumia ndoano ndogo, nyungunyungu mmoja tu, na risasi nzito kidogo ya kuushusha mshipi hadi chini kabisa. Hatupi alfajiri. Alfajiri ni saa ya kuota moto. Hungoja jua lipande, maji yapate joto la juu, yaani kuanzia saa tano mpaka saa kumi alasiri, kisha tena giza linapoanza, kwa ajili ya kambale. Na hungoja. Baba Mkubwa alisema kwamba mdogo wake, yaani marehemu, aliweza kukaa juu ya jiwe moja tangu saa tano hadi machweo bila kuhamisha mguu, na kwamba mara nyingi alirudi mjini na samaki wawili tu.

“Basi kwa nini alikuja?” mmoja wetu aliuliza.

“Muulize mwanawe,” alijibu. Mwenzetu alikuwa akitazama maji. Hatukumuuliza.

Hapa tunaomba ruhusa ya kupotoka kidogo. Dada wa mmoja wetu anasoma Kanada, katika jimbo la British Columbia, naye alikuwa ametuma picha ya watu waliosimama ndani ya mto hadi kiunoni, theluji ikiwa imefunika kingo zote mbili. Aliandika kwamba wanamtafuta samaki aitwaye stilhedi. Huyo ni ndugu wa trauti wale ambao Waingereza waliwapeleka katika mito ya milima ya Kenya mwanzoni mwa karne iliyopita; ni jamii moja kabisa, ila stilhedi huzaliwa mtoni, akashuka hadi bahari ya Pasifiki, akakaa huko miaka kadhaa na kunenepa, kisha akarudi katika mto ule ule alimozaliwa. Wengine huingia mtoni wakati wa baridi kali na kungoja majira ya kuchipua ndipo wazae. Samoni wa bahari ile huzaa mara moja wakafa. Stilhedi aweza kuzaa, akarudi baharini, akapanda tena. Wavuvi husimama siku nyingi katika maji karibu na kuganda wasipate hata mmoja. Na akipatikana, kama ni wa asili wala hakufugwa, sheria ya jimbo lile huamuru arudishwe majini akiwa hai.

Picha hiyo tuliipitisha mkono kwa mkono kambini, usiku wa kwanza, kandokando ya moto. Tulicheka sana. Mtu mzima avae mavazi ya mpira, asimame ndani ya barafu, ashike samaki mkubwa kama mkono wake, kisha amwachie! Mmoja wetu alisema kwamba watu hao wameshiba tangu kuzaliwa. Baba Mkubwa peke yake hakucheka. Aliuliza samaki hao wamebaki wangapi, wala hakuna aliyejua kumjibu.

Siku ya kwanza tulipata kambale mmoja. Siku ya pili tulipata wawili, na mmoja wao alikuwa mdogo. Tulikuwa kumi na wanne, tumetetemeka usiku mbili, unga wa bukari ulikuwa unakaribia kwisha, na siku ya matanga ilikuwa kesho kutwa. Mtu akiwa nyumbani hupenda kusema juu ya saburi. Petro na wenzake walisumbuka usiku kucha wasipate kitu, na sisi tulikuwa tumelihubiri jambo hilo kwa ufasaha katika mikutano yetu. Lakini mtoni hakuna hata mmoja wetu aliyelikumbuka. Tulilokumbuka ni aibu ya kurudi mikono mitupu baada ya kupigiwa makofi.

Siku ya tatu adhuhuri, Baba Mkubwa akiwa amekwenda kijijini, mmoja wetu alitoa chandarua mfukoni. Hakukiiba. Kilikuwa chandarua cha dawa kilichogawiwa bure kwa ajili ya malaria, nacho kilitoka juu ya kitanda cha mdogo wake. Alikuwa amekileta tangu mwanzo, akijua, nasi tulipokiona hatukushangaa sana, jambo linaloonyesha kwamba nasi tulikuwa tunajua. Karibu na kambi palikuwa na ghuba ndogo ya maji ya magoti, na jua la adhuhuri lilikuwa limeipasha joto. Humo wadogo wote wa mto walikuwa wamekimbilia. Perege jike huyalea mayai kinywani mwake, na hata watoto wakianguliwa huwaficha humo hatari ikija. Wale waliozaliwa wakati wa mvua sasa walikuwa na urefu wa kidole, nao walikuwa wakiota jua kama sisi tulivyokuwa tukiliota.

Tulishika pembe nne. Tulivuta mara tatu. Beseni lilijaa.

Hatutaki kudanganya: tulifurahi. Tuliimba. Baada ya siku mbili za kutazama mshipi usiotikisika, kuona beseni linang'aa namna ile kulitupa nguvu kama ya kileo. Wasichana wawili tu walikaa mbali, na mmoja alisema neno, tukamwambia aache kuharibu siku. Mwenzetu aliyefiwa alishika pembe moja. Hilo tunaliandika kwa kibali chake, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyetaka liandikwe.

Baba Mkubwa aliporudi alisimama juu ya beseni kwa muda mrefu. Alichukua mmoja, akamweka katika kiganja, akampima kwa ukucha wa kidole gumba. Tulitazamia ukali, tukawa tumekwisha kutayarisha majibu: kwamba wengine wote hufanya hivyo; kwamba tuna msiba; kwamba ziwani wapo wavutao nyavu za macho madogo kila siku ya Mungu na hakuna anayewakataza. Majibu yote yalikuwa ya kweli. Yeye hakutugombeza. Alikaa, akatueleza habari za Kasenga.

Alisema kwamba mama yake alikuwa wa huko, kwenye Luapula, na kwamba katika utoto wake bibi walikuwa wakizungumza juu ya samaki aliyeitwa mpumbu kwa Kibemba. Habari hiyo baadaye tuliitafuta, tukaiona imeandikwa pia na wataalamu wa historia. Mpumbu aliishi katika ziwa Mweru, na mto ulipofurika kwa mvua alipanda Luapula kwa makundi makubwa kwenda kuzaa, kama vile yule stilhedi wa picha. Jike alikuwa amejaa mayai, na mayai yake yalikuwa tunu. Zamani alivuliwa katika msafara huo kwa nyavu za kamba za miti, zilizooza upesi. Halafu migodi ilikua, wafanyakazi wa Elisabethville walihitaji kitoweo, wafanyabiashara Wagiriki wakafanya makao Kasenga, wakaleta barafu na malori, na nyavu zikawa nyingi. Samaki alikamatwa wakati ule ule alipokuwa akipanda na mayai yake. Mwishoni mwa miaka ya 1940 msafara ulipungua upesi sana, na tangu hapo haukurudi kuwa kama ulivyokuwa. Upande wa Zambia siku hizi hufunga uvuvi tangu mwezi wa kumi na mbili hadi mwisho wa mwezi wa pili ili samaki wazae. Lakini mpumbu wa hadithi za bibi hakusubiri amri hiyo.

“Sisi tuliwala mama,” alisema Baba Mkubwa. “Ninyi mmewala watoto.” Kisha akaingia kulala, ingawa jua halijatua.

Usiku ule tuligombana. Wako waliotaka beseni limwagwe mtoni, jambo la upumbavu, kwa maana samaki walikuwa wamekufa zamani. Wako waliosema mzee anaona uchungu kwa sababu vijana wamepata kwa saa moja asichopata yeye kwa mwezi. Mwenye chandarua alilia, au labda ulikuwa moshi. Mwishowe tulifanya lile ambalo watu wengi hufanya baada ya ugomvi, tukaendelea kama tulivyopanga. Tulitia chumvi, tukakausha juu ya moto, tukarudi Likasi na mfuko mmoja wa samaki wadogo na kambale watatu.

Siku ya kuondoa matanga watu walikuwa wengi. Bukari ilipikwa, sombe ilikuwapo, na samaki wetu waliwekwa katika sinia kubwa. Tulitangazwa. Watu walitushukuru, na wazee wakasema kwamba vijana wa siku hizi bado wana moyo. Mjane alipoletewa sinia alitazama kambale, akatabasamu. Ndugu zetu, alitabasamu kweli, akagusa kichwa cha yule mkubwa kama anayesalimu mtu. Kisha akatazama wale wadogo. Aliuliza walivuliwa kwa nini. Hakuna aliyejibu. Akasema kwa sauti ya chini, bila hasira:

“Mume wangu hakuwahi kuniletea hawa.”

Alikula kambale kipande kimoja. Sisi tulikula wadogo, kwa kuwa tusingeweza kuwaacha watu waone kwamba hatuwali. Walikuwa watamu. Hilo nalo ni la kweli.

Tumeulizwa na vikundi vingine kama mdogo wake yule mwenye chandarua aliugua malaria. Hakuugua, Mungu ashukuriwe, na tunaomba habari hii isipambwe kwa kuongezewa ugonjwa. Kipupwe kina mbu wachache. Chandarua chenyewe kilirudi nyumbani kikiwa na matundu mawili na harufu isiyotoka, mama yake akakishona bila kuuliza.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, tulirudi. Hatukuwa kumi na wanne, tulikuwa sita. Hapakuwa na matanga wala ahadi, na parokiani hatukuaga. Baba Mkubwa alikuwa amekonda, na kikohozi chake hakikutupendeza, lakini alicheka alipoona ndoano zetu ndogo. Alitugawia mawe ya kukalia, kila mtu lake, na mwenzetu akapewa jiwe la baba yake, pana, lililoinamia upande wa maji, ambalo asubuhi ni baridi kiasi cha kuuma mifupa na ifikapo saa saba linapata joto kama kitanda.

Kwa siku tatu tulipata kambale wanne. Na alasiri ya mwisho, aliyekuwa mwenye chandarua alivuta mshipi wake akaona perege, mrefu kidogo kuliko kiganja, ambaye Baba Mkubwa alisema ana mwaka mmoja na nusu hivi. Alihesabu vidole vyake nyuma, kimya kimya, sote tukamwona akihesabu, tukajua anahesabu nini: huyu alikuwamo katika ghuba ile, au jirani yake. Alimtoa ndoano taratibu kwa mikono iliyokufa ganzi, ikamchukua muda, samaki akipiga mkia. Mwenzetu akamwambia kutoka juu ya jiwe la baba yake: “Huyo anatosha kuliwa, ndugu yangu. Usimrudishe kwa ajili yangu.”

Alibaki amemshika ndani ya maji, kichwa kikielekea mkondo, jua likishuka nyuma ya matete, nasi tukaanza kukusanya kuni.